Misingi ya Isimufadhila: Uainishaji wa Mo Ibrahim kwa Kipimo cha Nachingwea

Mwanafunzi, zima redio, kaa wima, andika tarehe pembeni mwa daftari. Elimu unayoianza leo haifundishwi katika chuo chochote duniani. Wapinzani wangu wawili wa pale Nachingwea mjini hudai kwamba haifundishwi kwa sababu haina maana. Wapuuze. Haifundishwi kwa sababu dunia ilikuwa haijakomaa.

Elimu hiyo ni Isimufadhila. Fasili yake, ambayo utaikariri kabla ya kulala, ni hii: Isimufadhila ni taaluma inayochunguza kisayansi nani kampa nani kitu gani, mbele ya wapiga picha wangapi, na aliyepewa alibaki na nini baada ya magari ya wageni kuondoka. Kipashio chake cha msingi huitwa fadhilimu. Wanaisimu wana fonimu na mofimu. Sisi tuna fadhilimu, yaani kiasi kidogo kabisa cha wema kisichoweza kugawanywa tena bila kugeuka tusi. Kilo ya sukari ni fadhilimu. Robo kilo bado ni fadhilimu. Kijiko kimoja ni tusi. Mpaka wenyewe uko mahali fulani kati ya robo na kijiko, na utafiti wa kuupata unaendelea hapa Ruangwa, jirani na Nachingwea, kwa kasi inayoruhusiwa na bei ya sukari.

Kielelezo chetu cha muhula huu ni Dakta Mohamed Ibrahim, ambaye dunia humwita Mo. Utauliza: kwa nini yeye, ilhali Marekani imejaa wakuu wa kampuni za kompyuta wanaogawa mabilioni? Ni swali zuri, la mtu ambaye hajasoma. Wale wa Marekani hutoa ili kitu kiingie: chanjo iingie mwilini, kompyuta iingie darasani. Hata Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyegharimia maktaba zaidi ya 2,500, alitaka watu waingie ndani wakasome. Mo Ibrahim ndiye wa kwanza katika kumbukumbu za taaluma hii kutoa fedha kwa sababu mtu ametoka. Ugunduzi huo ulinilazimu kupanga upya rafu zangu zote mbili.

Sehemu ya Kwanza: Awamu za Mtoaji

Kila mtoaji aliyekamilika hupitia awamu tatu: Uhandisi, Uuzaji na Utoaji. Anayeruka awamu mbili za mwanzo huitwa mrithi, na warithi hawamo katika mtaala huu.

Awamu ya Uhandisi. Mo alizaliwa Sudan mwaka 1946 katika familia ya Kinubi, akakulia Misri, akapata shahada ya uhandisi wa umeme Alexandria. Akavuka kwenda Uingereza: uzamili Bradford, uzamivu Birmingham, somo likiwa mawasiliano ya simu zisizo na waya, wakati ambapo simu ya waya yenyewe huku kwetu ilikuwa kitu cha kuonyeshwa kwa kidole. Katika miaka ya 1980 alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, kampuni ya simu za mkononi iliyokuwa chini ya British Telecom. Kisha, mwaka 1989, aliacha kazi. Zingatia hapo. Mwanahistoria wa kawaida huandika kwamba aliacha ili aanzishe kampuni yake ya ushauri, MSI, akageuza ukurasa. Mwanaisimufadhila hageuzi ukurasa. Yeye huona kwamba huo ndio Mwondoko wa Awali: mtu ambaye angekuja kuwalipa wengine kwa kuondoka alianza kuondoka mwenyewe, tena bila kulipwa na mtu.

Awamu ya Uuzaji. MSI iliuzwa kwa Marconi mwaka 2000 kwa takriban dola milioni 900. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1998, ilikuwa imeshazaa kampuni ya kuwekeza katika simu za mkononi Afrika, ambayo baadaye ilipewa jina ambalo kila Mtanzania aliyewahi kukwangua vocha kwa ukucha analikumbuka: Celtel. Sisi tuliingia katika hesabu zake mwaka 2001, pale ubia wa MSI na Detecon ya Ujerumani ulipochukua asilimia 35 ya TTCL, kampuni ya simu ya taifa. Baadaye Celtel Tanzania ikatengana na TTCL, ikawa Zain, ikawa Airtel. Laini ileile, mnara uleule, majina matatu. Katika jedwali langu jambo hili limeandikwa chini ya kichwa "Uhamaji wa Rangi", kwa kuwa kilichobadilika machoni pa mtu wa Ruangwa kilikuwa rangi ya kibanda. Celtel nzima iliuzwa kwa MTC ya Kuwait mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4.

Kuna jambo moja katika awamu hii linalohitaji utulivu. Bodi ya Celtel ilitakiwa kuidhinisha kila malipo yanayozidi dola 30,000, ili pasiwe na bahasha inayopita mlango wa nyuma. Sasa, bahasha katika taaluma yetu huitwa fadhilimu hasi. Ina umbo lote la wema: ina mtoaji, ina mpokeaji, ina tabasamu, ina hata ile kauli ya "hii ni ya maji tu". Inachokosa ni mpiga picha. Baadhi ya wanafunzi wamewahi kuuliza kama bahasha ikipigwa picha hugeuka kuwa chanya. Hugeuka kuwa ushahidi, nao ni somo la kitivo kingine.

Awamu ya Utoaji ilianza mwaka 2006, alipoanzisha taasisi yenye jina lake. Lakini huwezi kuielewa kabla ya kuziainisha fadhila zenyewe. Badilisha kalamu, chukua nyekundu.

Sehemu ya Pili: Aina za Fadhila

Aina ya 1: Fadhila-jio. Hii ni fadhila ambayo mtoaji huja nayo mwenyewe, pamoja na vyombo vyake, na aghalabu huwa na njaa yake pia. Kielelezo safi kuliko vyote duniani kiko hapahapa jirani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga: kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Karanga zilikuwa za mafuta ya kula, na walaji walikuwa Waingereza waliochoka na mgao wa baada ya vita. Sisi tulitajwa kwenye utangulizi. Yakaja matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, kana kwamba pori lilikuwa limetangaza uadui. Ikajengwa bandari ya Mtwara, ikajengwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Mvua haikusoma ratiba. Januari 1951 mpango ulifutwa, paundi milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji ambayo hayakunyesha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Fadhila-jio hutambulika kwa alama tatu: kelele nyingi mwanzoni, ripoti nene mwishoni, na katikati reli isiyokuwepo.

Aina ya 2: Fadhila-kabidhi. Hapa tutakaa, maana hapa ndipo wengi hufeli.

Kuna hundi, na kuna mfano wa hundi. Asiyeziona kuwa vitu viwili tofauti kabisa arudi darasa la utangulizi. Hundi ni karatasi ndogo inayoingia mfukoni. Mfano wa hundi ni ubao mpana usioingia hata katika mlango wa ofisi ya mtendaji wa kata, na kwa sababu hiyo hukabidhiwa nje, juani. Hundi hubebwa na mtu mmoja. Mfano wa hundi hubebwa na watu watatu hadi sita, kila mmoja akitazama kamera tofauti. Hundi ina sahihi. Mfano wa hundi una nembo. Kwa kipimo cha ukubwa ni mkubwa kuliko hundi; kwa kipimo cha benki haupo.

Fadhila-kabidhi ina vijiaina vitatu, kutegemea mahali anaposhika mpokeaji. Katika kijiaina cha kwanza, mpokeaji anashika upande wenye tarakimu. Huyu atakumbukwa. Katika cha pili, anashika upande wenye nembo. Huyu atakatwa picha itakapopangwa gazetini, na kitakachobaki ni vidole vinne. Katika cha tatu, ambacho ni adimu na chenye thamani kubwa kitaaluma, mpokeaji, aghalabu mwalimu mkuu, yuko nyuma ya ubao kabisa na hujulikana yupo kwa sababu ubao una viatu sita na waheshimiwa wanaoonekana ni wawili. Nimekusanya picha za kijiaina hiki kwa miaka mingi. Siazimishi.

Fadhilimu zinazotumika katika aina hii ni bati, mfuko wa saruji, dawati, jezi na mpira. Zote ni fadhilimu tegemezi, kwa maana kwamba haziwezi kusimama zenyewe bila bango. Bati lisilo na bango ni bati tu.

Swali lililoigawa taaluma ni hili: baada ya hafla, mfano wa hundi ni mali ya nani? Wapinzani wangu wawili wanasema ni wa mtoaji, kwa kuwa atauhitaji wilaya inayofuata. Mimi nashikilia kwamba ni wa mpokeaji, kwa sababu mara nyingi ndicho kitu cha kwanza kumfikia.

Aina ya 3: Fadhila-rusho. "Nirushie vocha." Haina hafla, haina bango, na mpokeaji hushukuru kwa kubipu ili asiitumie. Inatosha.

Aina ya 4: Fadhila-mwondoko. Hii ndiyo ya Mo Ibrahim. Vua kofia.

Tuzo ya Ibrahim, ilivyotangazwa, ni dola milioni 5 zinazolipwa kwa miaka 10, kisha dola 200,000 kila mwaka hadi mwisho wa uhai. Anayelipwa ni aliyekuwa mkuu wa nchi ya Afrika, aliyechaguliwa kidemokrasia, akatawala vizuri, akaheshimu muda uliowekwa na katiba, na akatoka katika miaka mitatu iliyopita. Tufanye hesabu, maana taaluma isiyo na hesabu ni hadithi. Milioni 5 kwa miaka 10 ni dola 500,000 kwa mwaka, yaani dola 1,369 na ushee kwa siku, yaani dola 57 kwa saa, usiku na mchana. Mstaafu akilala saa nane, huamka akiwa amepata dola 456 kwa kutokuwa Ikulu. Hakuna kazi nyingine ninayoijua ambayo mshahara wake hutegemea mtu kutokuwa mahali fulani, ukiacha ulinzi wa usiku kama unavyofanywa na baadhi ya walinzi.

Wapo wanaosema kwamba fedha hizi hazimtikisi rais mwizi, kwa kuwa yeye ana njia za kupata zaidi ya hizo kabla ya chai ya saa nne. Na kwamba rais mwadilifu angeondoka hata bila ya kulipwa. Nimeipima hoja hii kwa siku kadhaa na sikuona ufa ndani yake. Lakini wenye hoja hawajaelewa kifaa wanachokitazama. Chambo huja kabla ya samaki. Tuzo hii huja baada. Kwa istilahi sahihi, ni risiti.

Sehemu ya Tatu: Aina za Mwondoko

Kama fadhila inalipa mwondoko, basi ni lazima mwondoko nao uainishwe, kazi ambayo, nashangaa kusema, kamati ya tuzo imeifanya bila ya kunishirikisha.

Mwondoko kamili ni pale kiongozi anapotoka yeye, familia yake, fenicha yake na maoni yake. Mwondoko nusu ni pale anapotoka yeye na fenicha, maoni yakabaki. Mwondoko sukumizi hauhitaji maelezo kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Lakini kuna aina ya nne, ambayo Mo Ibrahim mwenyewe, pengine bila kujua, ndiye aliyeipatia sayansi data yake ya kwanza. Amesimulia kwamba, kabla hajaanza kuwekeza mwenyewe, alimwuliza mkuu mmoja wa kampuni ya simu kwa nini haombi leseni ya Uganda. Yule mkuu akastaajabu: awekeze katika nchi ya yule kichaa Idi Amin? Amin alikuwa ameikimbia Uganda tangu Aprili 1979. Aliondolewa na jeshi la Tanzania, kwa vifaru, mizinga na redio ya nchi nzima ikishangilia, na bado habari ilikuwa haijafika katika ofisi ile. Huu huitwa mwondoko usiosikika. Ukitafakari utaona kwamba biashara nzima ya Celtel ilijengwa ndani ya pengo lililokuwepo kati ya siku Amin alipoondoka na siku wakubwa wa simu walipopata taarifa.

Sasa tuje kwenye tukio ambalo kila mwaka huwafanya wanafunzi wangu walie. Tarehe 22 Oktoba 2007, London, Kofi Annan alimtangaza mshindi wa kwanza: Joaquim Chissano, rais wa Msumbiji tangu 1986 hadi 2005. Siku hiyohiyo Chissano alikuwa anatimiza miaka 68. Alikuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa katika mgogoro wa waasi wa LRA, yuko safarini upande wa kaskazini mwa Uganda na kusini mwa Sudan, na taasisi ilishindwa kumpata kumpa habari. Soma tena sentensi hiyo. Mtu aliyejenga utajiri wake kwa kuifanya Afrika ipatikane, siku ya kutoa dola zake milioni 5 za kwanza, namba aliyokuwa anaipiga haikupatikana. Tena haikupatikana kwenye mpaka wa nchi yake ya kuzaliwa! Wapinzani wangu huiita bahati mbaya. Mimi naiita Kanuni ya Kutopatikana: aliyeondoka kweli hapatikani. Anayepokea simu mlio wa kwanza bado anasubiri kuitwa arudi.

Sehemu ya Nne: Fadhilimu Kapa

Kati ya 2007 na 2020 ni miaka 14. Washindi waliopatikana ni sita: Chissano 2007, Festus Mogae wa Botswana 2008, Pedro Pires wa Cape Verde 2011, Hifikepunye Pohamba wa Namibia 2014, Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia 2017, Mahamadou Issoufou wa Niger 2020. Nelson Mandela alitunukiwa kwa heshima mwaka 2007, na Desmond Tutu alipewa dola milioni moja mwaka 2012 kwa kusema ukweli mbele ya wenye madaraka, lakini hizo ni fadhila za kusema na kuheshimiwa, hazimo katika mtihani.

Miaka minane iliyobaki kamati ilikaa, ikapitia majina, ikatangaza kwamba hakuna.

Mtu asiye na elimu atasema miaka hiyo minane tuzo haikutolewa. Kosa hili hukatwa alama kumi. Mwanafunzi aliyesoma sarufi anajua kwamba ziko mofimu kapa, zisizotamkwa wala kuandikwa, lakini zipo na zinafanya kazi. Ndivyo ilivyo hapa. Mwaka 2009 tuzo ilitolewa, ilitolewa kapa. Kila rais mstaafu aliyekuwa ndani ya miaka mitatu yake aliipokea, popote alipokuwa, kwa ukimya mkubwa, na alijua ameipokea. Hiyo ndiyo fadhilimu pekee inayoweza kugawiwa watu wengi kwa wakati mmoja bila kupungua, na ndiyo pekee isiyohitaji ubao. Kwa maoni yangu ni kazi bora ya Mo Ibrahim. Sita waliolipwa wamemgharimu mamilioni. Minane iliyopita kapa haikumgharimu kitu na ilizungumzwa zaidi.

Sehemu ya Tano: Sheria ya Karanga

Hapa naomba mwanafunzi afunge dirisha, kwa sababu yanayofuata hayajachapishwa.

Mpango wa Karanga ulipokufa Nachingwea, uliacha mashamba yenye namba. Moja lao, Shamba namba 17, liligeuzwa kuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, katika miaka ya 1960. Hapo ndipo Samora Machel alipowanoa wapiganaji. Chissano, aliyekuwa mwakilishi wa FRELIMO Dar es Salaam, ni zao la chama kilichoiva Nachingwea. Mwaka 2007 zao hilo likachukua tuzo.

Hadi hapo ni sadfa. Endelea. Kule Kongwa, ambako karanga zilifeli kwanza na vibaya zaidi, eneo lililoachwa liligeuzwa kuwa kambi ya vyama vya ukombozi, SWAPO ya Namibia ikiwamo. Na nani alitangazwa mshindi mwezi Machi 2015, jijini Nairobi, na mwenyekiti wa kamati ambaye ni Mtanzania mwenzetu, Dakta Salim Ahmed Salim? Pohamba. Wa SWAPO.

Sijui kama unaona ninachokiona. Waingereza walichagua maeneo matatu ya kupanda karanga. Mawili kati yake yameota washindi wa Tuzo ya Ibrahim. Sheria ya Karanga basi ni hii: pale Fadhila-jio inapozikwa, Fadhila-mwondoko huchipua, baada ya nusu karne na ushee, na kwa kawaida ng'ambo ya mpaka. Gharama nazo zinalinganishika. Ukigawa zile paundi milioni 36 kwa washindi wawili, Uingereza ilitumia paundi milioni 18 kwa kila mshindi, bila kujua na bila kuvuna hata debe la karanga lililostahili safari. Mo Ibrahim anatumia dola milioni 5. Hakuna ushahidi mzito kuliko huo wa maendeleo ya teknolojia.

Limebaki eneo la tatu, Urambo. Urambo haijatoa mshindi hadi sasa. Sababu inajulikana: baada ya karanga walihamia kwenye tumbaku, na tumbaku huchelewesha. Nimewaandikia.

Natoa pia lalamiko la kitaaluma. Mwaka huohuo wa 2007 alikuwepo mwondokaji mwingine ndani ya masharti: Benjamin Mkapa, aliyetoka Ikulu Desemba 2005 baada ya vipindi viwili, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, wilaya inayopakana na Nachingwea. Ukiweka ncha ya bikari Nachingwea na kuchora duara la wastani, unapata waondokaji wawili wa mwaka mmoja, mmoja kwa kuzaliwa jirani na mwingine kwa chama. Duara kama hilo huwezi kulichora Geneva. Kamati ilimchagua yule wa kambi. Siipingi kamati, ila naitaka iseme wazi kwamba ilitumia bikari.

Kuna pia jambo dogo la madini, ambalo nalitaja kwa kuwa mtu wa Ruangwa hataniachia. Kinywe tunacho. Kinywe ndicho kinachojaza upande mmoja wa betri ya lithiamu iliyomo katika simu yako. Kwa hiyo Mo Ibrahim alipouza mamilioni ya laini, bila kujua alikuwa anatuuzia njia ya kuzungumza kwa kutumia kitu ambacho kingetoka hapa. Nimelitaja. Tuendelee.

Sehemu ya Sita: Matumizi katika Ngazi ya Kata

Sheria isiyotumika nyumbani ni mapambo. Nimependekeza Fadhila-mwondoko ishushwe hadi kwa wenyeviti wa vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, hasa baada ya msimu wa korosho kufungwa na mnada wa mwisho kupita. Uwiano nimeukokotoa kwa uaminifu. Mwenyekiti anayeachia kiti kwa hiari, vitabu vikiwa vimekaguliwa na wakulima wamelipwa, atapewa gunia moja la ufuta la kilo 100, litakalolipwa kwa miaka 10, yaani kilo 10 kwa mwaka, kisha kilo 4 kila mwaka hadi mwisho wa uhai.

Pendekezo lilipata pingamizi la kiufundi ambalo nalitambua kuwa zito. Kilo 10 kwa mwaka, kwa siku ni gramu 27, na gramu 27 za ufuta ziko karibu na kijiko kuliko robo. Kwa fasili yangu mwenyewe, mwenyekiti angetukanwa kila siku kwa miaka kumi. Nimelitatua kwa kuagiza gawio la mwaka litolewe kwa mkupuo, kwenye kiroba kimoja, mbele ya mpiga picha asiyezidi mmoja.

Nimeagiza pia kwamba mwaka ambao hakuna mwenyekiti aliyeondoka, kiroba kikae mezani kikiwa kimefungwa na wote wakione. Hiyo ni kapa inayoonekana, mchango wangu binafsi kwa sayansi.

Mwisho, nijibu swali lililoletwa kwa maandishi na wapinzani wangu wawili, ambao pia ndio wanachama wawili wengine wa chama chetu cha taaluma. Wanauliza: mwenyekiti mwanzilishi anasimama wapi katika vigezo hivi? Nimejichunguza bila upendeleo. Kigezo cha kuchaguliwa: nilichaguliwa. Nilikuwa peke yangu ukumbini na matokeo hayakupingwa. Kigezo cha muda wa katiba: katiba ipo katika hatua ya istilahi. Kigezo cha kuondoka ndani ya miaka mitatu iliyopita: sijaondoka, kwa hiyo sina sifa za kupewa tuzo, na kwa kuwa sina sifa, kuondoka kwangu kungekuwa mwondoko usiofidiwa, aina ambayo, kama ulivyoona katika Sehemu ya Kwanza, hufaa tu kwa mtu ambaye yuko njiani kwenda kuuza kampuni kwa dola bilioni 3.4.

Faharasa ya istilahi imefika herufi K. Uchaguzi utatangazwa ikifika Z. Geuza ukurasa, tuandike L.